Maji ya Nakuru Hayafiki Mia

Kabla hujaniuliza ununue mashine gani, nionyeshe mikono yako. Vijana wakija hapa kwangu Rhonda, Nakuru, kutaka kujua mambo ya kutotoa vifaranga, hapo ndipo ninapoanzia, na wengi hudhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kama umejipaka mafuta mpaka unang'aa, usiguse yai. Yai linapumua kupitia gamba, na hayo mafuta yako yanaziba vitundu. Nenda ukanawe, mikono ikauke, halafu urudi tuongee.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza. Watu walikuwa wananiletea mayai ya kuku wao, mimi nayaweka kwa mashine siku ishirini na moja, wao wanakuja kuchukua vifaranga. Mimi ni Mluhya, na utani haukuisha. Walisema mtu wa kwetu akiachiwa kuku kumi, ukirudi utapata saba na supu. Nilikuwa nawajibu kwamba ndio maana nimechagua kazi ya mayai, kuku wenyewe wanaondoka kwangu kabla hawajanona. Nimeiacha juzi tu, macho yalipoanza kunidanganya nikimulika mayai kwa tochi. Sasa binti yangu Nekesa ndiye anaendelea, na ana mashine ya kisasa inayogeuza mayai yenyewe na kulia joto likishuka. Mimi nakaa nje na chai yangu nikiisikiliza inalia. Sina wivu nayo hata kidogo.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa friji. Nilikuwa fundi wa friji wakati huo, na mteja aliniachia moja iliyokufa akapotea kabisa. Nikajiambia, friji ni kabati la kuzuia joto lisiingie, basi nikitaka litazuia joto lisitoke. Nikatoboa matundu ya hewa, nikafunga balbu nne, kifeni nilichotoa kwa kompyuta mbovu, na bakuli la maji chini. Hayo maji msiyapuuze. Hewa yetu ni kavu, na bila unyevu kifaranga anakwama ndani, ile ngozi ya yai inamshika kama nailoni iliyolowa.

Mayai ya kwanza yalikuwa thelathini, na niliyaosha. Niliyaosha kwa sabuni mpaka yakameta. Nilifundishwa na mama yangu kwamba hupeleki kitu kichafu mahali pa heshima, na mimi hiyo friji niliiheshimu sana. Sikujua yai linatoka kwa kuku likiwa na utando wake wa kuzuia uchafu usipenye, na mimi nimeuondoa wote kwa mikono yangu. Siku ya kumi na sita moja likapasuka, ya kumi na saba matatu. Nyinyi hamjui harufu. Mke wangu alifungua madirisha yote, akabeba kiti chake akaenda kukaa kwa jirani. Aliporudi alileta mambo mawili: sharti kwamba friji itoke sebuleni, na jina la Bi Zuhura wa Bondeni, ambaye huyo jirani alisema anajua mayai kuliko kuku.

Bi Zuhura alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye maneno makali. Babu yake alikuja kutoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa Bondeni, na bahari alikuwa ameiona mara mbili tu, na mara zote mbili akaona imejaa watu. Hakuwa na mashine. Alikuwa na kuku saba wa kulalia, akiwapangia zamu kama askari wa lango. Huyu akishuka, yule anapanda. Mayai ya bata, ya bata mzinga, ya kanga, yote yalilaliwa na hao kuku wake saba. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mmoja, amechukua yai akaliweka kwenye kope la jicho lake alilolifumba, ametulia kama mtu anayesikiliza habari za redio.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ngozi ya kope ni nyembamba na haina ukaidi, na yai lenye joto la kutosha likigusa hapo husikii baridi wala moto, unasikia tu yai. Ukisikia baridi, kuna shida. Ukisikia moto, kuna shida kubwa zaidi. Nikacheka kimoyomoyo. Nilikuwa fundi, nina themomita, kope la nini?

Lakini mengine nilijifunza kwake na ninayafuata hadi leo. Mayai yaliyotoka safarini yapumzike siku nzima, ncha nyembamba ikiwa chini, kabla ya kuingia kwa joto. Yai liwekwe alama kwa penseli, kamwe si kwa wino, upande huu alama moja na upande ule nyingine, ili ukigeuza ujue limegeuka. Mimi nilikuwa nachora duara na msalaba. Yeye msalaba alikataa, akachora nyota. Vifaranga walitoka kwa wote wawili bila kuuliza dini. Geuza mara tatu kwa siku, isiwe mara nne, ili upande uliolala chini usiku wa jana usilale chini tena leo. Na siku tatu za mwisho usifungue mlango hata kama nyumba inaungua. Stima ikipotea, vilevile usifungue. Weka chupa za maji moto chini, tupa blanketi juu, kaa kando. Masaa mawili matatu hayaui yai. Kiherehere ndicho kinaua.

Basi miaka ikaenda, nikawa na jina. Watu walitoka Njoro, Molo, mpaka Subukia. Na hapo ndipo mtu hukosea, akishakuwa na jina. Hili la sasa ndilo nilitaka mlisikie, na sioni haya kulisema, ingawa zamani nilikuwa naona.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kihoto, kule Naivasha, tulimwita Mama Njoki. Ziwa lilipopanda liliingia kwao mpaka jikoni. Kuku wake wengine walikufa maji, wengine wakafa kwa baridi na homa wiki iliyofuata, wawili watatu waliobaki wakaibwa wakati wa kuhama. Akaja kukaa kwa kaka yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mtoto wake na magodoro mawili na ndoo ya maranda. Ndani ya maranda kulikuwa na mayai ishirini na mawili. Alikuwa ameyaokota siku chache za mwisho na kuyaweka juu ya kabati, maji yakipita chini.

Kuku wake walikuwa wale wenye shingo isiyo na manyoya, wabaya wa sura, wagumu wa maisha. Wa kwanza alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia kwao kama bibi harusi, na tangu hapo hakuwahi kununua kuku mwingine. Wote walitoka kwa yule mmoja. Mama mkwe alishafariki. Nikamwambia, nikidhani namfariji, kwamba hata haya yasipofaulu nitamtafutia vifaranga wazuri wa kienyeji walioboreshwa, wanaotaga sana. Akaniangalia.

"Fundi, sitaki wazuri. Nataka hawa."

Nikayapumzisha mayai yake siku nzima, kama nilivyofundishwa. Siku hiyohiyo, nikisafisha mashine, themomita yangu ya miaka yote ikaniponyoka ikavunjika sakafuni. Nikaenda mjini kwa duka la vifaa vya shule nikanunua mpya, ndefu, ya kioo. Sasa, mtu mwenye akili haamini kifaa kipya kabla hajakipima, si ndiyo? Na mimi nilikuwa na akili nyingi siku hiyo. Nilikumbuka darasani tulikaririshwa kwamba maji yanachemka kwa digrii mia moja. Nikabandika sufuria, maji yakatokota vizuri, nikatumbukiza themomita. Ikapanda mpaka tisini na nne, ikasimama hapo. Nikachochea jiko. Tisini na nne. Nikaongeza maji, nikasubiri yatokote tena. Tisini na nne.

Nikafurahi, wacha niseme ukweli. Nilifurahi kwa sababu nimekamata kosa. Nikamwambia mke wangu hawa wenye viwanda siku hizi wanatuuzia takataka, hii inasoma digrii sita chini ya ukweli, lakini wameuzia mtu ambaye si mjinga. Joto la mayai linatakiwa kuwa thelathini na saba na nusu. Nikatoa sita. Nikarekebisha mashine mpaka themomita ikasoma thelathini na moja na nusu, nikaingiza mayai ya Mama Njoki, nikafunga mlango kwa madaha.

Siku ya pili Bi Zuhura akapita. Alikuwa ametoka sokoni, miguu inamuuma, akataka chai. Akiwa anasubiri chai ipoe akafungua mashine bila kuniomba, maana kwangu hakuwa mgeni, akachukua yai akaliweka kopeni. Akalirudisha. Akachukua lingine.

Akasema mayai yana baridi. Nikamweleza ile habari ya sufuria, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Akasema hajui mambo ya sufuria lakini mayai yana baridi. Nikamwambia Bi Zuhura, hii ni hesabu.

"Hesabu umefanya wewe," akasema. "Yai halikufanya."

Nami nikamjibu vibaya. Nikamwambia kope lake limezeeka kama yeye. Mbele ya mke wangu, nyumbani kwangu, chai yake ikiwa mezani. Akafunga mashine taratibu, akachukua kikapu chake akaondoka. Chai ilibaki. Mke wangu hakunisemesha mpaka jioni, na alichonisemesha jioni sitakirudia hapa.

Mama Njoki alikuwa anakuja kila asubuhi. Hakuwa msumbufu. Anasimama mlangoni, anauliza wanaendeleaje, ninamwambia vizuri, anashukuru, anaenda. Siku ya nne nikaamua kumulika yai moja kwa tochi nimfurahishe, maana siku ya nne, ukiwa na jicho, unaanza kuona mishipa midogo myekundu imetawanyika kama buibui. Nikamulika. Sikuona buibui. Nikamulika la pili, la tano, la kumi. Kwa mengine kulikuwa na kidoa kidogo tu, kama cha yai la siku ya pili. Mengine meupe.

Nilitia themomita mfukoni nikapanda boda hadi Bondeni. Nikasimama tu mlangoni kwake. Bi Zuhura alikuwa anachambua mchele. Hakuniambia karibu, wala hakunifukuza. Mwishowe nikasema nilimkosea, na mayai yanakufa. Akaendelea kuchambua kidogo, akauliza kama nimekuja na kile kidude. Nikamwonyesha.

"Kiweke kwapani."

Nikakiweka. Tukakaa pale, mimi mzee mzima nimebana mkono kama mgonjwa wa zahanati. Nilipokitoa kilisoma thelathini na sita na nusu.

"Ongeza ile sita yako," akasema Bi Zuhura.

Nikaongeza. Arobaini na mbili na nusu.

"Basi tuite watu wa kukuosha, maana ulishakufa."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi sikucheka siku hiyo. Themomita ilikuwa nzima kabisa. Mjinga alikuwa ni yule aliyeishika. Baadaye mteja wangu mmoja, mwalimu wa sayansi kule Njoro, alinieleza kwa nini. Sisi huku tumekaa juu, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kabla ya kufika mia. Hiyo mia ni ya watu wa chini, wa Mombasa huko. Maji ya Nakuru hayafiki mia hata ukiyachochea mpaka kesho. Miaka yote nilikula maharagwe yanayochelewa kuiva na sikuwahi kujiuliza. Kwa hiyo vijana, mkitaka kupima themomita, tumieni barafu inayoyeyuka, isome sufuri. Hiyo haibadiliki sana popote ulipo. Au kwapa, kama hauna homa.

Nilirudi nikapandisha joto kidogo kidogo, si kwa mara moja. Halafu nikaosha uso nikaenda nyumba ya tatu. Nilikuwa na uongo tayari, na ulikuwa mzuri: ningesema mayai yalitikisika barabarani kutoka Naivasha. Kila mtu angeamini. Mama Njoki alikuwa anafua nje, mikono imejaa povu. Nilipomwona uongo ukanitoka. Nikamweleza yote, sufuria, sita, Bi Zuhura, kope, na kwamba siku nne mayai yake yalikaa kwa baridi na nilipomwambia vizuri sikuwa najua ninachosema. Nikasema nisamehe.

Alisuuza shati, akalikamua, akalianika.

"Maji yalichukua kila kitu changu," akasema, "na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniomba msamaha. Wewe ndiye wa kwanza."

Halafu akauliza kama kuna lolote la kufanya. Nikamwambia ni kungoja. Akasema kungoja anajua.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Kimya. Ya ishirini na mbili, kimya. Nilishaanza kumwandaa Mama Njoki kwa maneno. Bi Zuhura akaja akakaa kwenye kiti kilekile, safari hii chai akainywa yote, akaniambia nikijaribu kuzima hiyo mashine atanivunja mkono. Mayai yaliyopata baridi huchelewa, alisema, hayana haraka zako. Siku ya ishirini na tatu asubuhi nikasikia kitu kinagonga, kidogo sana, nikaita watu wote. Kupitia kidirisha cha kioo cha mlango tuliona ufa kwenye yai moja, na mdomo mdogo unaonekana. Mama Njoki akanyoosha mkono afungue mlango amsaidie kifaranga kubandua gamba, na Bi Zuhura akamshika kiganja. Hilo pia mlijue. Kifaranga ukimbandua kabla hajamaliza kufyonza damu yake, atatoka damu, afe mkononi mwako, na umemuua kwa huruma. Basi akamshika kiganja tu, na wakakaa hivyo, wanawake wawili ambao hawakuwa wamejuana, wakiangalia kupitia kioo.

Walitoka sita kati ya ishirini na mawili. Wanne shingo tupu kabisa, wawili wa kawaida. Niliona aibu kumpa sita, lakini Mama Njoki aliwapokea ndani ya sanduku la viatu kama mtu aliyepewa mtoto. Akauliza swali moja tu, kama kuna jogoo. Sikuweza kumwambia. Wa kienyeji wakiwa wadogo hivyo, anayekwambia anajua jike na dume anakudanganya. Wakiwa majike watupu watataga, ndiyo, lakini itabidi apandishe kwa jogoo wa watu wengine, na ile mbegu ya mama mkwe itaanza kuyeyuka. Aliondoka hivyo, bila kujua. Baada ya wiki chache akapata mahali pa kukaa Gilgil, juu, mbali na ziwa, akahama na kile kisanduku.

Miezi mitano ikapita. Sikumpigia, kwa sababu niliogopa jibu. Siku moja asubuhi, kama saa nne, niko nje nachambua maharagwe na mke wangu, simu ikalia. Ni Mama Njoki. Hata salamu hakunipa. Aliniambia ninyamaze nisikilize. Nikasikia upepo, nikasikia mlango wa mabati, nikasikia kuku wakiparura. Halafu kikatoka kitu kama mtoto wa kiume anayebadilika sauti, kikaanza vizuri, kikavunjika katikati, kikaanza tena, na mara ya pili kikafika mpaka mwisho.

"Umemsikia?" akauliza.

Nilishika simu kwa mkono wenye maharagwe, machozi yananitoka waziwazi, mzee kama mimi. Mke wangu akaacha kuchambua akaniangalia, akashika kifua, akaniuliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni jogoo anawika Gilgil.